Boti ya hoteli ama ya Dunga?

Wenye mnakuja Kisumu wikendi na mnataka kuona viboko, msikimbilie kubuku pale risepsheni, juu si ajabu hoteli inapigia tu simu walewale vijana wa boti wa Dunga, ule ufuo wa ziwa hapo Kisumu, halafu inaongeza yake juu. Shukeni Dunga wenyewe, ulizeni watu wa BMU, kile kikundi kinasimamia ufuo, wawaonyeshe boti, ongea bei ya boti nzima si ya kichwa, na mkubaliane masaa kabla hamjapanda. Laifu jaketi ni ya kuvaa si ya kukalia, zikikosa kutosha watu wote achana na hiyo boti hata kama bei ni tamu. Asubuhi ndio poa, mchana upepo huamka. Kisiwa cha Ndere ni stori ingine, hiyo ni paki ya KWS, shirika la wanyamapori, kiingilio hulipwa mtandaoni kwa eCitizen si keshi kwa nahodha.

Boti ya hoteli mimi naiachia siku mko na flaiti ya jioni tu, bora wakubali wao ndio watawafikisha eapoti. Hata zile meli kubwa za kitalii ziko hivyo, ukitoka na tripu yao mkichelewa meli inawangoja, ukienda na mtu wa nje saa ikifika inang'oa nanga.