Somo: Ua la mkrismasi la felti, la kutundika kwenye mti

Desemba ikifika madukani ni theluji tupu. Mimi napenda ua la mkrismasi, ule mti unaowaka mwekundu barabarani huku kwetu Dar msimu huu. Okota ua lake ulitazame: petali nne nyekundu, na ya tano nyeupe yenye madoadoa mekundu. Hiyo ya tano msiiruke, ndiyo inayolitambulisha.

Vifaa: felti (kitambaa cha nyuzi zilizoshindiliwa pamoja bila kufumwa) nyekundu na nyeupe, kipande cha kijani, uzi wa kudarizi mwekundu, sindano, pamba ya mito, utepe, na mkasi mkali. Felti haifumuki nyuzi, kwa hiyo hakuna kupinda kingo. Ila mkasi butu utaiacha na manyoya.

1. Chora petali kwenye kadibodi: juu pana, chini mkia mwembamba, urefu sm 6. Kwenye felti nyekundu chora kwa kipande cha sabuni nyeupe, kama mafundi cherehani. Kata vipande 8 vyekundu na 2 vyeupe, kimoja kimoja. Ukikata viwili kwa mpigo, cha chini kinateleza.

2. Darizi madoa kwenye kipande kimoja cheupe sasa hivi, kabla ya kuunganisha, ili mafundo yabaki ndani.

3. Hapa msiharakishe. Uzi wa kudarizi una nyuzi 6. Chomoa 2 tu. Bandika vipande viwili pamoja na ufiche fundo katikati yao. Choma sindano mm 3 kutoka ukingoni, itokee upande wa pili. Kabla uzi haujaisha kuvutika, pitisha sindano kwenye kitanzi kilichobaki, ndipo ukaze. Uzi utalala juu ya ukingo. Endelea hivyo hivyo kwa nafasi sawa. Felti ikianza kujikunja, unavuta mno. Mkiani acha mdomo, sukuma pamba kwa penseli, kisha ziba. Pamba iwe kidogo. Ikizidi, petali zitagombania nafasi.

4. Kutanisha mikia mitano, shona kwa uzi uliokunjwa mara mbili, funika nyuma kwa duara la kijani. Katikati toa nyuzi nyekundu zenye fundo nchani. Ua halisi lina stameni (vijiti vyembamba vya katikati vyenye chavua) 10. Mimi huweka 6, watoto hawahesabu. Utepe ushonee nyuma ya petali nyeupe.

MASWALI

– Dada, huku kwetu felti haipatikani. Nifanyeje?
Tafuta sweta la mtumba la sufu halisi, soma lebo. Lifue kwa maji ya moto na sabuni huku ukilisugua kwa nguvu. Litasinyaa na kushikamana mpaka ukikata halifumuki. La nailoni au akriliki halikubali, usijisumbue.

– Naweza kutumia gundi badala ya kushona?
Kwa lile duara la nyuma, sawa. Kwenye kingo hapana: gundi ya maji hupenya na kuacha doa gumu, na kwenye nyeupe linaonekana hasa.

– Yangu yamekunjamana kabatini, nipige pasi?
Angalia kwanza ni felti gani. Nyingi ya madukani ni poliesta, na pasi ya moto huiyeyusha. Weka kitambaa chenye unyevu juu yake, pasi iwe ya vuguvugu, bonyeza na kuinua bila kuburuta. Ya sufu inastahimili zaidi, ila ihifadhi kwenye mfuko uliofungwa vizuri, nondo wanaipenda.