SOMO: Kupata nafasi ya kujitolea au fildi (mafunzo kwa vitendo) kwenye kazi za haki za jamii ukiwa bado chuoni

Wakuu, swali la "nafasi za haki za binadamu zinapatikana wapi" limeulizwa tena na tena mwezi huu, na kila mara majibu ni yale yale. Naandika yote hapa. Atakayeuliza tena nitamwelekeza huku. Somo linahusu Tanzania Bara.

Hatua ya 1. Chagua jambo moja. Ardhi, ukatili wa kijinsia, elimu, mapato na matumizi ya kijiji. "Napenda haki za binadamu" haimsaidii mtu kujua akupangie kazi gani.

Hatua ya 2. Kaa kwanza na wanaoifanya. Walio Dar wana TGNP (Mtandao wa Jinsia Tanzania) pale Mabibo, yenye semina za jinsia na maendeleo kila Jumatano, na wanaohudhuria ni pamoja na akina mama wa vituo vya taarifa na maarifa, yaani vikundi vya wanajamii, wanaozijua kata zao nje ndani. HakiElimu, shirika la haki ya elimu, wana mtandao wa Marafiki wa Elimu. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC) kina klabu za haki za binadamu vyuoni. Ulizia kama chuo chako kinayo kabla hujaanzisha nyingine. Ukiwa unasoma sheria, tafuta kamati ya msaada wa kisheria ya kitivo chako. Hudhuria mara tatu kabla ya kuomba chochote.

Hatua ya 3. Maombi ya ukurasa mmoja. Taja jambo, idadi ya wiki, siku za juma unazopatikana na kazi unayoiweza: "Jumanne na Alhamisi naweza kuandika muhtasari wa mashauri ya wateja na kupanga majalada." Fildi ya Julai hadi Septemba iombwe kabla ya Aprili kwisha. Ambatisha barua ya chuo na nakala ya bima ya afya. Nauli na chakula uliza kwa maandishi mapema, kwa sababu mashirika mengi hayalipi wanafunzi.

Hatua ya 4. Barua na ngazi za ofisi. Someni polepole, maana hii ndiyo niliyowahi kuiharibu na ndiyo inayovunja kazi za wanafunzi wengi. Ukiwa ndani ya ofisi ya shirika, barua ya chuo kwa shirika inatosha. Ukitoka kwenda kijijini au mtaani kukusanya taarifa au kutoa elimu, kuna mlolongo. Barua ya Makamu Mkuu wa Chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Yeye anaandika kwenda wilayani na kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, halmashauri inaandika kwa Mtendaji wa Kata, naye anakutambulisha kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Mtaa. Kila ngazi inapokea kwa masjala, na faili huweza kulala siku kadhaa kwa sababu tu mwenye kusaini yuko ziarani. Tenga wiki tatu.

Makosa yanayorudisha watu nyumbani:

- Barua inasema "kutoa elimu ya ukatili wa kijinsia" lakini mkononi mna dodoso la ardhi. Mtendaji akiliona tu, kazi imesimama. Kichwa cha habari cha barua na cha dodoso vifanane neno kwa neno.
- Kata hazikutajwa. "Wilaya ya Kilosa" haitoshi. Andika kata na vijiji.
- Tarehe zimebana. Kazi ikiwa ya wiki nne, omba kibali cha wiki sita, maana mvua au msiba kijijini husogeza ratiba.
- Kazi iko wilaya mbili lakini barua ni ya moja.
- Umeacha barua halisi ofisi ya kwanza ukabaki mikono mitupu. Toa nakala tano mapema, na kila unapoiacha moja, nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe.

Usimpe mtu "kitu kidogo" ili faili litembee. Mmekwenda kwa ajili ya haki.

Hatua ya 5. Mkutano Mkuu wa Kijiji. Hukutanisha wakazi wote wa miaka 18 na zaidi, angalau kila miezi mitatu, na hapo ndipo mapato na matumizi husomwa. Wewe ni mgeni: kaa nyuma, simama ukiitwa na mwenyekiti, usiulize kuhusu fedha. Wakazi wakitaka taarifa iliyofichwa, wasaidieni kuandika ombi lao wenyewe chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayoipa ofisi siku 30 kujibu. Bila mhuri wa tarehe kwenye nakala ya mwombaji, siku hizo 30 hazina pa kuanzia.

Hatua ya 6. Usijifanye wakili. Chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, msaidizi wa kisheria lazima awe amefunzwa na kusajiliwa, hasimami mahakamani kwa niaba ya mteja na hatozi pesa. Mwanafunzi anasikiliza, anaandika na kuelekeza. Kuelekeza vibaya nako kunaumiza. Bado kuna wanaowaambia wananchi kwamba Baraza la Kata litaamua shauri la ardhi. Tangu marekebisho ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha. Usuluhishi ukishindikana, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mama mjane anayepotezewa miezi sita kwa ushauri wenu atalala njaa msimu mzima.

Hatua ya 7. Rudisha matokeo kijijini, ukurasa mmoja wa Kiswahili, kabla hujakabidhi ripoti chuoni.

---

MASWALI

Mtoto wa Kihonda: Mkuu naomba linki ya nafasi, nipo mwaka wa tatu, hata koneksheni tu.

Mwandishi: Hatua ya 2 na ya 3.

Mtoto wa Kihonda: Nimesoma, ila shirika gani linachukua kwa uhakika?

Mwandishi: Hakuna. Hujataja jambo, mkoa wala wiki. Rudi na hivyo vitatu.

Takwimu Dom: Shikamoo mkuu. Nasoma takwimu, si sheria. Je, nina nafasi huku au ni kazi ya wanasheria?

Mwandishi: Marahaba, mdogo wangu. Unahitajika kuliko unavyodhani. Chukua shule moja ya msingi, kwa ruhusa ya halmashauri na ya mwalimu mkuu. Hesabu matundu ya vyoo. Kiwango cha taifa ni tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25. Hesabu yanayotumika na yaliyoziba kando kando, kwa sababu ripoti nyingi huyajumlisha na shule ikaonekana haina shida. Wanafunzi wahesabu waliopo siku hiyo pamoja na walioandikishwa, uweke namba zote mbili. Andika tarehe na saa. Jedwali la mistari sita likisomwa kwenye kamati ya shule, wazazi wanajua wachangie nini na waidai nini halmashauri.

Takwimu Dom: Nikute tundu lina mlango mbovu, nalihesabu wapi?

Mwandishi: Swali zuri sana. Kwa wasichana, lisilofungika lihesabu kama halitumiki na uandike sababu. Msichana aliye hedhini hataingia humo.

Mzee wa Fildi: Barua zote hizo ni urasimu. Sisi tulikwenda moja kwa moja, mtendaji akatupokea vizuri.

Mwandishi: Alijitwisha mzigo wenu. Siku mtu akilalamika wilayani, nyinyi mmesharudi chuoni, anayeandikiwa barua ya kujieleza ni yeye. Kuwapokea hakumaanishi alikuwa na mamlaka ya kuwapa ruhusa.

Mzee wa Fildi: Lakini kazi ilikwisha salama.

Mwandishi: Safari hiyo. Sitalibadilisha somo.

Dada wa Ustawi: Tukiwa kijijini mtoto akatuambia anafanyiwa ukatili nyumbani, tufanye nini? Tuandike kwenye dodoso?

Mwandishi: Dada, ahsante kwa kuuliza hili. Acheni dodoso. Msimhoji zaidi, msimwite mzazi, msiahidi siri. Pigeni 116, huduma ya simu kwa mtoto, ni bure. Mjulisheni afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Ikiwa ni ubakaji, hospitali ndani ya saa 72 kwa dawa za kuzuia VVU, na asioge wala kufua nguo alizovaa. PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, inahitajika, ila isiwe sababu ya kumchelewesha matibabu. Namba ya afisa ustawi itafuteni kabla ya kuondoka chuoni.

Pwani Moja: Niko Mombasa. Hii inatufaa sisi wa Kenya?

Mdau wa Nairobi: Kaka, ngazi za huku ni tofauti, unaanza na ofisi ya naibu kamishna wa kaunti halafu chifu. Haki ya habari iko Ibara ya 35 ya Katiba. Chini ya sheria ya Kenya ya kupata habari ya 2016 ofisi ina siku 21, na jambo likigusa uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Hapo Mombasa waulize MUHURI, shirika la haki za binadamu, kuhusu ukaguzi wa kijamii wa miradi, yaani wananchi kuikagua wenyewe. Nairobi kuna shirika la msaada wa kisheria liitwalo Kituo cha Sheria, na Mathare Social Justice Centre.

Mwandishi: Ahsante, hilo sikuwa nalo kwenye somo.

Karafuu: Na Zanzibar je?

Mwandishi: Vibali vya huko ni vyao, na mlango wa mwisho ni sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa au kijiji huko. Anza na Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kipo tangu 1992.

Takwimu Dom: Picha je? Wengi wetu tunapiga na kurusha kwenye magrupu.

Mwandishi: Usirushe. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata isingekuwepo, sura ya mama aliyepigwa si ya kuzunguka kwenye simu. Omba ridhaa, na kwa mtoto pia ya mlezi.

Dada wa Ustawi: Niongeze: majina yakae daftari moja, majibu daftari jingine, yaunganishwe kwa namba. Daftari la majina lisitoke na wewe kwenye bodaboda.

Mwandishi: Na lile la majibu liandikwe kwa kalamu ya risasi. Wino wa jeli ukilowa mvua unafutika wote.