Kumfanyia Mama Siku ya Kuzaliwa Kijijini Ufaransa

Mama alitimiza miaka 70 mwezi wa Juni, na siku hiyo hatukuwa Kibokoni, mtaa wetu wa Mombasa. Tulikuwa kijiji kimoja kando ya mto Dordogne, kusini-magharibi mwa Ufaransa, ambako dada yangu anayeishi Bordeaux alitukodia nyumba ya mashambani kwa wiki nzima. Nyumba hizo wenyewe huziita gîte: wapewa funguo, jiko na bustani, kupika na kufagia ni juu yako. Tangu turudi Mombasa nimeulizwa na watu kadhaa wanaotaka kuwapeleka wazee wao, na sitaki wahangaike pale tulipohangaika sisi.

Viza shughulikieni mapema. Ombi hupokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na lisichelewe siku 15 za mwisho, na bima ya safari iwe ya yuro 30,000 au zaidi.

La maana zaidi ni kalenda. Siku ya kuzaliwa ya Mama iliangukia Jumatatu, na vijijini Ufaransa Jumatatu maduka mengi hayafunguliwi. Duka la mkate la pale kijijini lilikuwa mojawapo. Jumapili nayo wengi hufunga ikifika adhuhuri. Kwa hivyo siku ya kufika, kabla hata ya kufungua masanduku, nenda kasome kibao cha saa mlangoni mwa duka. Keki iagize siku tatu au nne kabla, uichukue Jumapili asubuhi, ilale kwenye friji.

Na usiagize kwa kupendezwa na rangi. Keki zao nyingi za krimu hushikizwa kwa jelatini, ambayo mara nyingi hutokana na nguruwe, na nyingine hutiwa pombe: keki iitwayo forêt noire ina kirsch, pombe ya cheri, na ile iitwayo baba ina ramu. Andika kwenye karatasi «sans alcool, sans gélatine», yaani bila pombe, bila jelatini, umpe muuzaji asome. Yule mama wa dukani alisoma, akaikataa kwa kichwa ile keki ndefu niliyokuwa nimeinyooshea kidole, akanielekeza kwenye nyingine: kitako cha biskuti, krimu ya mayai, na juu stroberi za Périgord, yaani za eneo lile lile, zimepangwa duara kwa duara. Nilishukuru kwamba hakuniuzia tu ile ya kwanza.

Keki ni ya watoto na picha. Mzee mwenyewe, akiamka ugenini siku yake, yampasa akute chakula anachokijua. Kwetu hicho ni mahamri na mbaazi za nazi. Mbaazi dada alizipata Bordeaux, iliki nilitwanga nyumbani. Nazi mbili nilibeba kwenye sanduku pamoja na mbuzi ya kukunia, kwani Mama hali tui la kopo. Sheria za Ulaya hazikuruhusu uingie na nyama wala maziwa kutoka kwetu, na matunda mengi hutakiwa cheti, maembe yakiwemo. Lakini nazi, ndizi, mananasi na tende haziulizwi cheti.

Hamira ndiyo iliyotuponza. Jumamosi nilikanda unga wa kujaribia, nikaufunika kitambaa, asubuhi nikaufunua: umelala vile vile, mzito, haukufura hata kidogo. Kumbe nimetia beking pauda. Vipaketi hukaa rafu moja na vyote vimeandikwa levure. Hamira ni «levure boulangère». «Levure chimique» ni beking pauda. Jaribu mapema kama nilivyofanya, ili ukikosea duka liwe bado wazi.

Sufuria pia. Jiko la nyumba lilikuwa la kioo, linalopasha moto kwa sumaku, na alumini haishiki humo. Kabla ya kubeba karai lako, bandika sumaku ya friji chini yake, isiponata, liache. Nyama ya biriani tulinunua Bordeaux, mtaa wa Saint-Michel wenye wachinjaji wa halali, tukaibeba na barafu. Kijijini hutaipata.

Mchana msimpandishe mzee kwenye makasri. Ngazi zake ni adhabu kwa magoti. Sisi tulikwenda La Roque-Gageac kupanda gabarre, mashua bapa ambazo zamani zilishusha mbao za mapipa ya mvinyo hadi Bordeaux. Ni karibu saa nzima, na umekaa tu. Mama alikaa ubavuni, akatia vidole majini, akavitoa upesi. "Baridi! Na hayana chumvi," akasema, akavirudisha.

Dua msiipange baada ya Magharibi kama tulivyozoea. Mwisho wa Juni jua la huko huzama saa nne kasoro usiku, na saa nne ikishapita haifai kuwapigia jirani kelele. Alasiri yenyewe huingia saa kumi na mbili jioni. Tulitandika mkeka chini ya mjozi bustanini, tukaelekea kusini-mashariki, maana kibla ya huko si kaskazini kama ya Mombasa, na wajukuu ilibidi wageuzwe mabega mmoja mmoja. Saa hizo ndizo nzuri za kupiga simu nyumbani: majira ya joto Mombasa iko mbele kwa saa moja, kwa hivyo sisi tukitoka Alasiri, wao wameshaswali Magharibi na wamekusanyika sebuleni. Simu tuliiegemeza kwenye birika. Mjomba akaomba dua kutoka Kibokoni, sisi tukaitikia amina mkekani, kisha wajukuu wakampa Mama mkono mmoja mmoja, ndipo keki ikakatwa.

Mahamri yaliyobaki tulimpelekea mwenye nyumba, yangali moto. Sahani aliirudisha kesho yake na cheri tele.