Kufuga beta kwa maji yetu ya Unguja, hatua kwa hatua

Mwezi uliopita mpwa wangu wa darasa la sita alinipigia kwa simu ya mama yake. Samaki wake mwekundu wa aina ya beta, aliyeletwa na boti kutoka Dar, alikuwa amelala chini ya tangi, mapezi yamejikunja, mashavu yanakwenda mbio. "Mjomba, maji nabadilisha kila siku, meupe pee. Kwa nini anaumwa?"

Asubuhi yake nikaenda kwao Kwamtipura na vipimo vyangu mkobani. Maji yalikuwa meupe kweli, ungeweza kusoma gazeti upande wa pili wa kioo. Chini ametandika mchanga wa pwani, juu yake simbi, makombe na kipande cha tumbawe. Kila akirudi skuli anamwaga maji yote, anasugua vioo, anakamua sponji ya chujio chini ya mfereji mpaka inatakata. Mtoto alikuwa anajituma kwa mapenzi, na karibu kila alilolifanya lilikuwa linamchosha samaki. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yake kwanza, halafu kwa yeyote anayefuga beta hapa visiwani, kwa sababu maelekezo mengi tunayoyasoma mtandaoni yametoka kwa watu ambao maji yao hayafanani na yetu.

Hatua ya 1: Tangi

Lita 20 kwa beta mmoja. Lita 10 ukibanwa kabisa, chini ya hapo usinunue samaki. Chupa na bakuli sizikubali hata kidogo. Beta ana kiungo kichwani cha kupumulia hewa ya juu ya maji, ndiyo maana anachukua siku nyingi kufa chupani na watu wakadhani amepazoea.

Dume mmoja kwa tangi moja. Funga chujio la sponji na pampu ndogo ya hewa, jaza maji ukiacha nafasi ya vidole vitatu juu, funika kwa kipande cha chandarua kwa sababu beta huruka.

Hatua ya 2: Yajue maji unayotia

Hapa ndipo nilipopoteza siku nyingi kuliko pengine popote, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Sehemu kubwa ya Unguja imekaa juu ya jiwe la matumbawe ya kale, yaani jiwe la chokaa. Maji tunayotumia hutoka ardhini, na hata ya mfereji mengi yamepampiwa kutoka visima. Yakipita kwenye jiwe hilo yanabeba chokaa. Huna haja ya maabara kulijua hilo: tazama ndani ya birika lako la chai, ule ukoko mweupe uliogandia chini ndio wenyewe. Nikipima pH (kipimo cha asidi ya maji: 7 ni katikati, chini ya hapo ni asidi) ya mfereji wa nyumbani kwangu hupata kati ya 7.6 na 8. Aliye Pemba apime yake, kwa sababu ardhi ya kule si kama ya kwetu.

Vitabu vinasema beta anapenda pH ya 6.5 mpaka 7.5. Nilipoanza kufuga niliishika namba hiyo kama sheria, nikaamua kuyashusha maji yangu kwa ndimu. Jioni nakamua, napima, nakuta 7. Nafurahi, nalala. Asubuhi napima tena: 7.8. Nakamua tena. Nilifanya hivyo siku tano, samaki akaacha kula, akafifia rangi, na mimi nikaamini vipimo vimeharibika. Vipimo vilikuwa sawa. Ile chokaa iliyoyeyuka majini inaila asidi kidogo kidogo, na ndani ya saa chache pH inarudi pale pale ilipokuwa. Samaki wangu alikuwa anapandishwa na kushushwa kila siku, na kupanda na kushuka huko ndiko kulikomuumiza. Beta wa kufugwa ametoka kwenye vizazi vingi vya matangini. Ukimzoesha maji ya 7.8 na yakabaki 7.8, anakula, anang'aa na anaishi. Kwa hiyo ndimu na siki zibaki jikoni.

Hiyo haina maana kwamba pH usiijali kabisa. Ina maana moja kubwa, na ndiyo iliyokuwa inamuua samaki wa mpwa wangu. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki hutoa amonia. Amonia majini iko katika sura mbili, moja kali sana kwa samaki na nyingine isiyo kali, na kinachoamua ipi iwe nyingi ni pH na joto. Kwenye maji ya nyuzi 28, pH ikiwa 7, sehemu iliyo kali haifiki hata 1 katika 100. pH ikipanda mpaka 8, sehemu hiyo inakuwa 6 au 7 katika 100. Kipimo chako cha matone kinasoma zote mbili kwa pamoja, hakizitenganishi. Kwa hiyo mtu wa nchi yenye maji laini akikwambia amonia ya 0.5 (miligramu kwa lita) si jambo la kutisha, anasema kweli kwa tangi lake. Kwa tangi la Unguja ni jambo la kutisha.

Sasa rudi kwenye yale makombe. Simbi, kombe, tumbawe na mchanga mweupe wa pwani vyote ni chokaa, na vinaendelea kuyeyuka taratibu ndani ya tangi. Tangi la mpwa wangu lilisoma pH 8.2 na amonia 0.5. Hata kokoto za ujenzi zinazopondwa hapa kwetu ni jiwe hilo hilo. Kabla hujatia jiwe lolote, lidondoshee siki. Likitoa mapovu, ni chokaa, lirudishe ulikolitoa. Mimi siku hizi sitandiki kitu chochote chini. Kioo kitupu, kipande cha chungu cha udongo awe na pa kujificha, basi. Uchafu unauona wote na unaunyonya wote.

Ukitaka kuyalainisha maji kweli, tumia maji ya mvua. Masika yakianza, acha mvua za mwanzo zioshe paa la bati, halafu kinga kwenye ndoo safi yenye kifuniko. Ndoo iliyo wazi itakuwa ya mbu kabla ya wiki kwisha. Usikinge kutoka paa la makuti wala paa lililopakwa rangi karibuni. Changanya nusu kwa nusu na maji ya mfereji. Usitumie ya mvua peke yake: hayana chokaa ya kuishikilia pH, na siku moja itaanguka ghafla. Na ukishachagua mchanganyiko wako usiubadilishe kila wiki, vinginevyo umerudi kwenye ndimu zangu.

Tangi lililokaa muda mrefu bila kubadilishwa maji nalo lina hatari yake. Hasa likiwa limejazwa maji laini, pH yake huenda imeshuka, na amonia iliyomo imekaa katika ile sura isiyo kali. Ukilimwagia maji ya mfereji mengi kwa mara moja, pH inapanda na sehemu kubwa zaidi ya amonia inageuka kali mbele ya macho yako. Watu hushangaa samaki kufa dakika chache baada ya kutiliwa maji safi. Badilisha kidogo kidogo, ndoo ndogo kila siku kwa wiki nzima.

Na wenye visima karibu na pwani: onja. Ukihisi chumvi ulimini, maji hayo si ya beta.

Hatua ya 3: Klorini

Maji ya mfereji huweza kuwa na klorini, dawa ya kuua vijidudu, nayo humdhuru samaki. Kinga ndoo, iache wazi siku nzima mahali penye hewa, na ukiweza itie jiwe la pampu lipulize. Klorini ya kawaida itaruka. Ukiwa na matone ya kuondoa klorini, tumia, dakika chache yanatosha.

Uliza kwanza nyumbani. Wakati wa mvua kina mama wengi hutia vidonge vya kutibu maji kwenye ndoo ya kunywa au tangi la juu, na ndoo ya kunywa ndiyo mtoto huikimbilia. Weka ndoo ya samaki peke yake, iandike kwa wino usiofutika, isiguswe na sabuni maisha yake yote.

Hatua ya 4: Komaza maji

Kuna bakteria wa aina mbili wanaokufanyia kazi. Wa kwanza wanaigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Wa pili wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo beta anaivumilia ikiwa ndogo. Hawaishi ndani ya maji yenyewe kwa wingi. Wanaishi juu ya vitu: kwenye kioo, kwenye kipande cha chungu, na zaidi ya kote kwenye sponji. Ule utelezi wa kahawia ambao mpwa wangu aliukamua kila siku chini ya mfereji wenye klorini ndio uliokuwa uhai wa tangi lake. Kila siku alikuwa anaanza upya.

Bila samaki ndani, washa chujio na utupie punje chache za chakula kila siku ziozee humo. Pima kila baada ya siku mbili. Utaona amonia inapanda, kisha inashuka huku nitriti ikipanda, kisha zote mbili zinafika 0 na nitrati inaanza kuonekana. Wiki nne mpaka sita, na joto letu linasaidia. Ukiwa na rafiki mwenye tangi zima lenye samaki wazima, muombe sponji chafu uitie kwako, na muda utapungua sana. Mpwa wangu nilimpa ya kwangu, imebebwa ndani ya mfuko wa maji ya tangi ili isikauke.

Nunua vipimo vya matone, siyo vijikaratasi. Kwa unyevu wa hapa vijikaratasi huharibika haraka kopo likishafunguliwa. Kama fedha inatosha kipimo kimoja tu, nunua cha amonia.

Hatua ya 5: Kila wiki

Theluthi moja ya maji, nyonya kwa mpira kutoka chini penye uchafu. Maji mapya yawe na joto sawa na ya zamani. Ndoo iliyolala usiku chumba kile kile inatosha. Sponji ikamue mara moja kwa mwezi, ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, kamwe siyo mferejini. Itoke bado na rangi ya kahawia.

Amonia 0, nitriti 0, nitrati chini ya 20. Amonia ikionekana, badilisha theluthi siku hiyo hiyo na usimlishe mpaka kesho.

Chakula: punje mbili au tatu, asubuhi na jioni. Tumbo la beta ni dogo kama jicho lake. Maji mengi huharibiwa na mkono wa kulisha kabla ya kuharibiwa na samaki.

Hatua ya 6: Jani la mkungu

Wafugaji wa nchi za mbali hulinunua jani hili la mti wa kungu kwa fedha, limefungwa kwenye pakiti. Sisi linatuangukia barazani. Okota lililokauka likawa la kahawia, chini ya mti ulio mbali na barabara na mbali na dawa za wadudu, lioshe, tia moja la wastani kwa lita 20. Maji yatageuka rangi ya chai kavu. Usiogope, ndivyo yalivyo maji mengi anakotoka beta huko Thailand. Jani linasaidia kuzuia ukungu kwenye mapezi na linampa kivuli. Kwa chokaa yetu halitashusha pH sana, kwa hiyo usilitegemee kwa hilo. Baada ya wiki tatu au nne litabaki mishipa mitupu. Litoe, weka jingine.

Hatua ya 7: Joto na umeme

Hita huhitaji hapa. Beta anataka nyuzi 24 mpaka 28, na shida yetu ni kaskazi, Disemba mpaka Machi, chumba kinapopita 30. Toa tangi dirishani, elekeza feni juu ya maji, na ongeza maji kufidia yaliyokauka. Barafu usitie.

Umeme ukikatika, beta mwenyewe atapanda juu kuvuta hewa. Wanaoteseka ni bakteria wa kwenye sponji, wanaohitaji maji yenye hewa yapite. Waliokuwepo Unguja wanakumbuka mwezi mzima wa giza mwaka 2008, na tena kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Mimi nina pampu ndogo ya betri kabatini. Usipokuwa nayo, chota maji ya tangi kwa kikombe na uyamimine juu ya sponji kila baada ya muda, na siku hiyo samaki asile. Ukikaa nusu siku bila umeme, ikamue sponji ndani ya ndoo ya maji ya tangi kabla hujawasha, maana vilivyokufa ndani yake vitatoka vyote pamoja.

Kwamtipura tulitoa mchanga na makombe, tukabadilisha theluthi ya maji, tukafunga sponji yangu chafu. Siku ya tatu beta alipanda juu kuomba chakula. Ijumaa iliyopita mpwa wangu akanipigia kwa furaha: "Mjomba, ametengeneza mapovu juu ya maji!" Nikamwambia ni kiota, madume hufanya hivyo, lakini wengine hukijenga hata kwenye maji mabaya, kwa hiyo apime vile vile. Akaniweka kwenye simu, nikamsikia anahesabu matone. Amonia 0. Nitriti 0. Nitrati 10.