Hita boksi za Beetle: soma injini kwanza, kadi ya gari baadaye

Wakuu, salaam kutoka Mtwara. Wenye Volkswagen Beetle huku Kusini wananiuliza sana zinapatikana wapi hita boksi, maana za zamani zimeliwa na kutu. Upepo wa chumvi wa Shangani na Mikindani hauna huruma na bati. Lakini kabla ya kuuliza wapi, uliza ipi. Mimi niliwahi kuletewa jozi kwa basi kutoka Dar es Salaam, nikafungua za zamani kwa furaha, kumbe mpya hazikai kwenye stadi (bolti zilizojitokeza kwenye injini) hata kwa kulazimisha. Gari lilikaa juu ya matofali wiki tatu.

Kwa asiyeijua: hita boksi ni bomba la ekzosi lililovikwa bati, moja kila upande wa injini. Silinda za mbele, namba 1 na 3, hutoa moshi kupitia humo; namba 2 na 4 zinaingia moja kwa moja kwenye mafla, kile kipunguza kelele cha ekzosi. Feni inasukuma hewa kati ya bati na bomba, hewa inapata moto, halafu inaelekea ndani ya gari.

Hatua ya 1. Soma namba ya injini, imegongwa chini ya kitako cha dainamo. Ikianza na D ni 1200, yaani ukubwa wa injini kwa cc. F ni 1300. H ni 1500. AB ni 1300 ya kuanzia miaka ya 70. AD ni 1600. Kadi isikudanganye. Magari haya ni ya wazee wetu, na injini zimeshahamishwa mara nyingi. Kadi yangu ilisema 1300, injini ilikuwa D, na hapo ndipo nilipopotea. Kwenye 1200 pistoni inatembea milimita 64, wenzake 69. Ndiyo maana injini yake ni nyembamba, na hita boksi zake haziazimani na za wakubwa. Za 1300, 1500 na 1600 zenyewe zinaazimana. Hedi (kifuniko cha silinda) iwe ya tundu moja la hewa au mawili, upande wa ekzosi haubadiliki.

Hatua ya 2. Kama injini ni ya kabla ya 1963, simama. Ile ilipeleka ndani hewa iliyokwisha kupoza silinda. Ni mfumo mwingine.

Hatua ya 3. Ukipata iliyotumika, usitazame rangi. Ziba mdomo mmoja wa bomba la ndani, ulisimamishe, ujaze maji. Yakivuja kwenye bati la nje, iache hapohapo hata ukipewa bure. Tundu hilo linapeleka kaboni monoksaidi ndani ya gari. Haina harufu, na inaua.

Hatua ya 4. Kufungua. Mwagia nati mafuta ya kulainisha kutu tangu jana yake. Ikigoma, ipashe moto nati yenyewe, usiichome hedi, maana ni aluminiamu na stadi ikikatika humo kazi inakuwa nyingine. Weka gasketi mpya. Funga kila kitu bila kukaza kwanza, mafla pia, kisha kaza upande wa hedi, klempu za mafla ziwe za mwisho. Nimeona watu wakianza na klempu, halafu wanalalamika moshi unavuja.

MASWALI YA WADAU

Mdau, Lindi: Shikamoo fundi. Joto lote hili, hita ya nini? Nikifunga mabomba matupu?

Marahaba. Inawezekana, yapo mabomba matupu yenye umbo la J. Ila ziba ile midomo miwili ya kwenye nyumba ya feni iliyokuwa ikilisha hita boksi. Ukiiacha wazi, hewa ya kupoza silinda inatorokea hapo. Na mabati yanayofunika chini ya injini yarudi yote, ili feni isivute tena hewa ya moto ya ekzosi. Kwa joto la Lindi hilo ni jambo la uhai wa injini.

Mdau, Newala: Huku juu Juni na Julai baridi kali, kioo kinajaa ukungu.

Basi wewe usizitoe. Badilisha kwa nzima. Ukisikia harufu ya moshi ndani, funga hita, fungua vioo, ukaikague siku hiyohiyo.

Mdau, Masasi: Nimeona za kombi, zinafanana kabisa na zangu.

Kaka, beba ya kwako mkononi uzilinganishe kabla ya kulipa. Tazama mdomo wa kutolea hewa na wenzo wa klapeti, kile kilango cha kufungua na kufunga hewa ya moto. Na ya kulia haikai kushoto.

Mdau, Mtwara: Fundi wa kuchomelea ataiweza?

Bati la nje, ndiyo. Bomba la ndani lililotoboka, mimi sikubali hata kidogo. Tafuta nyingine.