Jinsi ya kutambua kata ya nyumba ya zamani ya Chicago

Ukikuta karatasi ya mwaka 1895 imeandikwa "Kata ya 19, Chicago", usikimbilie ramani ya leo. Ya leo itakupeleka Beverly na Morgan Park, mbali kusini-magharibi. Kata ya 19 ya wakati ule ilikuwa karibu na katikati ya jiji, mitaa ya wahamiaji, mikononi mwa diwani Johnny Powers.

Hatua ya 1: Pata mwaka kwanza. Chicago ilipopewa hadhi ya jiji mwaka 1837 ilikuwa na kata 6. Mwaka 1847 zikawa 9, na 1863 zikawa 16. Mwaka 1876 zilipunguzwa kutoka 20 hadi 18. Mwaka 1889 jiji liliwameza majirani, wakiwemo Hyde Park na Lake View, zikafika 34. Mwaka 1901, 35. Tangu uchaguzi wa 1923 ni 50, kila moja na diwani mmoja. Kabla ya hapo kata kwa kawaida ilikuwa na madiwani wawili, ndiyo maana utawakuta Michael Kenna na John Coughlin wote wakiwa wa Kata ya 1.

Hatua ya 2: Geuza namba ya nyumba. Wengi hukwama hapa. Tarehe 1 Septemba 1909 nyumba karibu zote zilipewa namba mpya zinazohesabiwa kutoka makutano ya mitaa ya State na Madison, kwa kawaida namba 800 kwa kila maili. Eneo la katikati ya jiji lilisubiri hadi 1911. Hull House, nyumba ya Jane Addams ya kuwahudumia wahamiaji, ilikuwa 335 South Halsted. Baada ya mabadiliko ikawa 800. Tazama: witiri imegeuka shufwa, na jengo halijasogea hata hatua moja. Ukiichukua 335 na kuitafuta kwenye ramani ya sasa utaangukia mahali pengine kabisa. Tumia kitabu cha ubadilishaji wa namba kilichochapishwa 1909. Kinapanga namba ya zamani na mpya mtaa kwa mtaa. Anwani iliyoandikwa baada ya mabadiliko iache kama ilivyo.

Hatua ya 3: Tafuta mipaka ya mwaka huohuo. Ramani ikikosekana, soma maelezo ya mipaka: toka mtaa fulani hadi mtaa fulani, kando ya mto. Yafuatilie kwa penseli kwenye ramani tupu. Inachosha, lakini mimi huyaamini kuliko ramani nzuri isiyo na tarehe. Usichanganye kata na yale maeneo 77 ya jamii. Hayo ni ya takwimu, hayachagui diwani.

Hatua ya 4: Hakiki. Juu ya kila ukurasa wa sensa ya 1900 kuna nafasi ya namba ya kata na ya eneo la kuhesabia. Sensa ya 1890 usihangaike nayo, karibu yote ilipotea baada ya moto wa Washington mwaka 1921. Badala yake fungua daftari za wapiga kura wa Chicago za 1888, 1890 na 1892. Humo utapata wanaume tu. Mama wa nyumba hiyo mtafute kupitia mume, baba au kaka aliyeishi naye.

Ukimaliza, andika namba ya kata pamoja na mwaka, na anwani zote mbili, ya zamani na mpya.