Sarafu za zamani: usizing'arishe

Kama nyumbani una heller za Wajerumani, senti zenye tundu za enzi za Mwingereza au shilingi za kwanza za Tanzania za 1966, tafadhali usizisugue. Si kwa limau, si kwa majivu, si kwa dawa ya meno. Ule weusi au ukahawia uliotanda juu ya shaba ni ngozi ya sarafu. Ndio unaoikinga, na ndio mnunuzi makini anaoutafuta. Ukiuondoa, haurudi, na thamani inashuka papo hapo. Heller 20 zilizogongwa Tabora mwaka 1916, wakati wa vita, zilitengenezwa kwa haraka na nyingi hazikutoka vizuri. Ukizisugua, hata ile tarehe hafifu inaweza kupotea.

Shika sarafu kwenye kingo, mikono ikiwa mikavu, maana jasho huacha alama za vidole ambazo baadaye hugeuka madoa.

Adui mkubwa, hasa kwetu wa pwani, ni unyevu wenye chumvi. Weka sarafu kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na uvibadilishe mara kwa mara. Epuka mifuko laini ya plastiki ya PVC: ikizeeka hutoa utando wa kijani unaonata na kula shaba. Bahasha ndogo za karatasi isiyo na asidi ni salama zaidi.

Piga picha pande zote mbili, na uzihifadhi mbali na kopo lenyewe.